Soksi za kubana: kitambaa cha bitana kilivyotuokoa

Mama aliandikiwa soksi za kubana, zenye nguvu ya kubana ya milimita 20 hadi 30 za zebaki (kipimo kama cha presha ya damu), kwa ajili ya mishipa ya miguu iliyovimba. Wiki ya kwanza ilikuwa vita: mimi navuta, yeye analalamika, soksi imegoma kisiginoni.

Tuliazima fremu ya waya ya kuvalia. Unatandaza soksi juu yake, kisha mguu unasukumwa ndani. Lakini lazima usukume kwa nguvu, na magoti ya Mama hayataki.

Bahati nzuri soksi zake ziko wazi vidoleni. Kwa soksi za hivyo, wengine huvalisha mguu mfuko wa plastiki kwanza ili soksi iteleze, kisha huuvuta utoke vidoleni, ila hapa Tanzania mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019. Nikamwomba fundi cherehani kipande cha bitana ya koti, akanishonea kama soksi fupi. Mama anavaa hicho kwanza, soksi inateleza juu yake mpaka kisigino kikae, halafu nakichomoa kupitia vidoleni. Napandisha sehemu iliyobaki kwa glovu za mpira za kuoshea vyombo, maana kucha huichana.

Tunavaa asubuhi kabla hajashuka kitandani, miguu haijajaa. Dakika mbili tu, hata hagombi tena.