Doti ya vipande viwili tofauti

Tulipimwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwenye karatasi ya majibu ya mume wangu paliandikwa AS. Kwenye yangu, AS. Kwenye ya mwanetu wa miezi minane, SS, yaani anaumwa selimundu. Hiyo ilikuwa 2017. Vidole vya mikono na miguu vilikuwa vimemvimba kwa mara ya pili, na ile ya kwanza tuliambiwa ni meno yanaota.

Nilirudi Mbagala nikamwonyesha mama mkwe. Akasema, "Mimi damu yangu A, marehemu baba yenu alikuwa O. Hiyo S imetoka kwenu." Nililia usiku ule. Hakuwa na nia mbaya, herufi ndizo zilimchanganya. A ya kundi la damu, ile unayoulizwa ukienda kuchangia damu, haihusiani kabisa na A ya kwenye AS. Hii ya pili inataja himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu: A ni ya kawaida, S ni ya selimundu. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AS, na wa kundi A vilevile.

Kitaalamu mwenye AS anaitwa heterozaigasi. Binti yangu wa kidato cha nne ndiye aliyenionyesha neno hilo daftarini. Hetero ni Kigiriki, maana yake "nyingine", "tofauti", na Mwingereza William Bateson ndiye aliyeliingiza kwenye sayansi ya urithi mwaka 1902. Kliniki wanasema mbebaji. Neno hilo likiachwa bila maelezo linaumiza watu: mawifi zangu walielewa kwamba nimebeba ugonjwa ambao siku moja utanilaza kitandani.

Mimi nauza khanga Kariakoo, kwa hiyo nilikuja kulielewa kwa doti. Kila mtu ana doti moja ya jeni hii, yaani maelekezo ya kurithi ya kutengeneza himoglobini: kipande kimoja kimetoka kwa mama, kingine kwa baba. Vipande vikifanana, AA au SS, hiyo ni homozaigasi, kama doti inavyotoka kiwandani: pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile. AS ni doti ya vipande viwili tofauti. Na haibadiliki. Uliyezaliwa AS utazeeka AS, haikui ikawa SS.

Mzazi anampa mtoto kipande kimoja tu, na hachagui kipi. Sisi tulio AS wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa AA, 2 kati ya 4 ya AS, 1 kati ya 4 ya SS. Kila mimba, narudia. Kwenye foleni ya kliniki dada mmoja aliniambia kwamba wa kwanza ameshaumwa, hivyo watatu wanaofuata watakuwa wazima. Nilimshika mkono nikamweleza hadi jina lake likaitwa. Hesabu inaanza upya kila mara.

Hata kuenea kwa S kwetu kuna sababu yake. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Watoto wa aina hiyo walipona wengi zaidi, wakakua, wakazaa. Chandarua hakiachwi kwa sababu hiyo, na kwa mwenye SS malaria ni hatari mno.

Hilo la malaria ndilo lililomfanya mama mkwe akubali kupima. Majibu yake: AS. Aliikunja karatasi, akaniita mwanangu, akanyamaza muda mrefu.

Mwezi uliopita shemeji yangu alileta habari za posa. Hajamaliza kusema, mama akamuuliza, "Mmepima?" Wakaenda. Yeye AS, mchumba wake AA. Watoto wao wanaweza kuwa AA au AS. Mama alinitaka nimweleze tena kwa vipande vya khanga, mbele ya wote, kwa nini SS haipo hapo.