Nilivyoihamisha hifadhidata ya duka la kanga

Kwa miaka miwili tovuti ya duka la mama mdogo, anayeuza kanga katika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, ilihifadhi kila kitu katika faili moja la SQLite, programu ndogo ya hifadhidata, wala sikuona haya. Nyaraka za SQLite zenyewe zinaeleza kwamba tovuti inayopata maombi yasiyofika 100,000 kwa siku huendeshwa nayo bila taabu, na sisi siku ya neema hatukufika hata elfu tano.

Taabu ilitujia katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu walipokuwa wakigombania kanga za Idi. SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu, yaani anayeingiza data, kwa wakati, hata ukiiweka katika hali ya WAL ambayo huwaacha wasomaji waendelee kusoma. Nami nilikuwa nimeuandika ukurasa wa kuingiza mzigo mpya kwa namna ambayo uliishika kalamu tangu mama mdogo anapoanza hadi picha ya mwisho inapopanda. Python, lugha niliyoiandikia tovuti, kwa kawaida husubiri zamu sekunde 5, kisha hukata tamaa. "Mwanangu, watu wakiagiza wanaambiwa imefungwa," alinipigia simu, "na mimi duka nimelifungua tangu asubuhi." Ningeweza kuurekebisha ukurasa ule kwa mistari kumi, nakiri, lakini alikuwa karibu kuwaajiri wasichana wawili wa kupokea oda, na waandishi wangezidi kuongezeka.

Ushauri ukamiminika. Rafiki mmoja, kwa uhakika wa mtu asiyegharamika, aliniambia majedwali yamepitwa na wakati, nichukue MongoDB, inayohifadhi hati badala ya majedwali. Nilimtii kwa wiki mbili ambazo ninazijutia mpaka leo. Kila oda ikawa hati yenye jina la mteja, nambari yake ya simu na kanga alizonunua. Ilipendeza mpaka mteja mmoja wa Kongowea alipobadilisha simu, nikaikuta nambari ya zamani imenakiliwa katika oda zake 31. Najua ningeweza kuwaweka wateja kando na kuwarejelea, lakini nikishafanya hivyo kwa wateja, kwa kanga na kwa malipo, nitakuwa nimerudi kwenye majedwali kwa kuzunguka Likoni. Mwingine alinishauri MySQL, hifadhidata ya majedwali, naye sina ugomvi naye, kwani ingetufaa vizuri tu. Nilichagua PostgreSQL, ya majedwali pia, kwa sababu ni kali kuhusu aina za data, na kwa sababu jirani yangu huitumia kazini, hivyo ningekuwa na mtu wa kumwamsha usiku. Seva ya kukodi hula kama shilingi elfu moja kwa mwezi, kutegemea dola imeamkaje.

Ukali huo niliuonja jioni ya kwanza. SQLite haijali ukiandika maneno katika safu wima uliyoitangaza kuwa ya nambari, na fomu yangu haikukagua chochote, kwa hiyo katika safu ya bei nilizikuta "1200/=", "1,350", na mahali pamoja "muulize Mama". PostgreSQL ilizikataa zote. Nikaandika skripti, yaani programu fupi, ya kuondoa kila kisicho tarakimu, nikajiona fundi.

Hapa nitajisifu kidogo. Kabla ya kuhama kweli nilifanya jaribio, kisha nikazilinganisha hifadhidata mbili kama muuza duka anavyofunga hesabu jioni: idadi ya safu mlalo katika kila jedwali, jumla ya shilingi zilizolipwa, jumla ya doti zilizobaki stoo. Yote yalikubaliana isipokuwa doti, ambazo upande mpya zilizidi kwa 2. Mtu mwingine angesema doti mbili si kitu. Mimi nilizitafuta usiku kucha feni ikinipepea, nikazipata saa tisa: mama mdogo aliwahi kuandika "korja 2" katika safu ya idadi. SQLite ilipojumlisha iliyahesabu maneno hayo kuwa sifuri, skripti yangu ikabakisha 2, na ukweli, kwa hesabu ya mama mdogo mwenyewe ya doti 20 kwa korja, ulikuwa doti 40 zilizolala stoo bila tovuti kujua kwamba zipo.

Jambo la utafutaji lilinichukua dakika chache tu, ila ni vyema ulijue. Majina ya kanga huchapishwa kwa herufi kubwa, nasi tuliyaingiza vivyo hivyo, WEMA HAUOZI na wenzake, ilhali wateja huandika kwa herufi ndogo. Katika SQLite amri ya kutafuta, LIKE, haibagui herufi hizo. Katika PostgreSQL hubagua, na duka zima likaonekana tupu hadi nilipoweka ILIKE, isiyobagua.

Nilihama usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, baada ya Idi, saa nane. Saa kumi na moja alfajiri mteja mmoja wa Kisauni aliagiza, akakataliwa. PostgreSQL huweka kihesabu cha nambari za oda kando na jedwali lenyewe. Mimi nilizileta oda 3,417 na nambari zake, kihesabu nikakiacha kwenye 1, nambari ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe. Kihesabu hakirudi nyuma hata oda inapokataliwa, kwa hiyo kumbukumbu za seva zilionyesha ndugu yule akikataliwa kwa nambari 1, kisha 2, kisha 3, hadi 9. Angekuwa na subira ya kubonyeza mara 3,418, angehudumiwa bila msaada wangu. Dawa ilikuwa amri moja ya setval, inayokisogeza kihesabu. Jirani aliponiambia kwamba pgloader, programu ya kuhamishia data kwenye PostgreSQL, hukisogeza kihesabu yenyewe, na kwamba alikuwa ameshanishauri niitumie badala ya kujiandikia skripti, nilimwomba tuzungumze mambo mengine.

Nilimpigia simu mteja yule kumwomba radhi. Alisema alidhani kidole chake ndicho kibovu, akaagiza doti mbili badala ya moja.