Pua yangu iko kwa jirani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnisamehe kuchelewa, mwenzenu tangu mafua yale ya mwezi wa sita sisikii harufu kabisa, nikajua itarudi tu kama ilivyorudi kipindi cha korona, wiki ya tisa hii. Chai ni maji ya moto yenye sukari. Namnusa mjukuu ametoka kuogeshwa kapakwa mafuta, hola.

Sasa Jumanne niko jikoni nachambua mchicha huku nasikiliza mahubiri kwenye simu, nikachukua kiberiti niwashe jiko, binti wa jirani akaja kuomba chumvi, hata hodi hajamaliza, "Bibi, gesi!" Mpira wa mtungi ulikuwa umelegea. Na mjue gesi ile yenyewe haina harufu, ule uvundo wanautia makusudi ili watu washtuke. Yaani onyo limejaa nyumba nzima, mwenye nyumba ndio hana pua.

Usingizi ulinipaa. Paulo anauliza kwenye 1 Wakorintho 12:17, mwili wote ukiwa sikio kunusa kutakuwa wapi? Miaka yote nilidhani mstari ule ni wa mambo ya kwaya na mashemasi, kumbe pua yangu Mungu kaiweka kwa mtoto wa miaka minane ambaye juzi tu nilimfukuza uani kwa kelele zake.

Hapa niseme tu hata mkininunia. Kuna mama humu kaambiwa na bintiye, mama unavyomjibu baba siku hizi sio vizuri, mtoto kala kofi. Kuna mzee wa kanisa kaulizwa hesabu za mabati, mwezi wa pili huu haonekani ibadani. Jamani, umeambiwa kwa sababu wewe husikii! Hata mwenye pua nzima harufu ya nyumba yake haisikii, keshaizoea, mgeni ndio anaomba dirisha lifunguliwe. Sasa kila anayegusa dirisha unamtimua, utabaki na nani humo ndani? Wale wa Zaburi ya 115 wenye pua na hawanusi, mnawajua ni kina nani, ni sanamu wale.

Nilitaka tuguse na yale marhamu Mariamu aliyompaka Yesu miguuni, nyumba nzima ikajaa harufu, basi wiki ijayo.

Daktari kaniambia ninuse asubuhi na jioni, waridi, limau, karafuu na mkaratusi, taratibu, kwa miezi. Waridi sijapata. Vichupa ananishikia yule yule binti, nafumba macho, "Bibi, hii nini?" Nikasema karafuu. Akacheka mpaka akakaa chini, ilikuwa limau. Mniombee.