Mama wa Furaha

Machi 2019 kikundi chetu cha teatri, watu wanne na beseni moja la vifaa, tuliitwa katika shule moja ya sekondari upande wa Majengo, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Aliyetuita alikuwa mwalimu wa falsafa wa darasa la sita. Wiki mbili alikuwa akifundisha maadili ya Aristotle, na wanafunzi walikuwa wamekasirika. Mgiriki huyo aliandika kwamba mtoto hawezi kuitwa mwenye heri, kwa kuwa umri wake haujamruhusu kutenda yale yanayomfikisha mtu huko. Vijana wa miaka 17 na 18, wengine wanaamka saa kumi alfajiri kuteka maji ziwani kabla ya masomo, wanaambiwa bado!

"Wanataka kubishana naye," mwalimu aliniambia kwenye simu. "Ubaoni hawawezi. Njooni na mchezo."

Tulitumia njia ya Augusto Boal, Mbrazili aliyefariki mwaka 2009. Mchezo unachezwa mara moja hadi mwisho wake mbaya. Kisha unaanza upya, na mtazamaji anayeona mhusika anaonewa anapiga kelele "Simama!", anapanda, anashika nafasi yake na kujaribu njia nyingine. Anayeongoza mabishano huitwa jokari, kama ile karata inayoingia popote. Siku ile jokari nilikuwa mimi.

Hadithi tuliitunga kutokana na mambo waliyotusimulia wanafunzi wenyewe. Msichana anaitwa Furaha, jina ambalo Goma utalikuta kila avenyu. Mtihani wa Serikali umekaribia, na darasa linachanga dola 10 kila mmoja ili msimamizi ageuze macho. Furaha anakataa. Wenzake wanamtenga. Matokeo yanatoka: wao wameshinda, yeye ameanguka.

Nikauliza ukumbi: "Nani ana furaha hapa?"

Walicheka kwa ajili ya jina. Halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Wavulana watatu walipanda mmoja baada ya mwingine kuwa Furaha. Mmoja alikwenda kushtaki kwa Papa Prefe, yaani mkuu wa shule, wa pili aliwahubiria wenzake hadi wakaanza kupiga miayo, wa tatu alitaka kutoa nusu. Walisema vizuri, kwa Kiswahili cha kanisani, lakini hakuna aliyeguswa. Kilichonifurahisha zaidi ni mabishano yaliyozuka chini, kwenye mabenchi. Msichana mmoja alisema waliochanga wana raha, na raha si furaha, inaisha siku ya kusherehekea diploma. Mwenzake akaongeza: "Yesu hakusema raha kwa maskini wa roho. Alisema heri." Mwalimu akasimama mbiombio, akayaandika maneno yale matatu kwa chaki kwenye jiwe jeusi la ukuta. Nilimwona anavyotabasamu, maana Aristotle naye alikuwa akitafuta hilohilo: jambo linalopimwa kwa maisha mazima. Ndiye aliyeandika kwamba mbayuwayu mmoja haleti majira.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na dirisha: "Simama!"

Alikuwa msichana mdogo wa umbo ambaye asubuhi yote hakuwa amefungua mdomo. Hakutaka nafasi ya Furaha. Alitaka ya mama yake Furaha, ambaye katika mchezo wetu alipita tu na sahani. Nilisita, kwa sababu kanuni ni kumbadilisha anayeonewa. Lakini nilikumbuka kwamba njia hii yenyewe ilizaliwa Peru, siku ambayo mama mmoja aliona waigizaji wa Boal hawatendi alichowaelekeza, naye akaachwa apande jukwaani afanye mwenyewe. Nikamwambia, karibu.

Akaomba kitenge. Akatoka mlangoni, akainama, akaokota vijiwe uani. Pale kila jiwe ni la volkano. Hata ukumbi ulijengwa kwa mawe hayo. Akarudi, akakaa sakafuni, beseni mbele yake, akaanza kuhesabu jiwe moja moja, kila mara akilamba kidole gumba kama anahesabu noti kuukuu. "Hii ya unga. Hii ya makala. Hii ya likelemba." Yaani unga, makaa ya kupikia, na mchango wa zamu wa kina mama. Matatu yaliyobaki akayafunga kwenye ncha ya kitenge, akakaza fundo kwa meno.

"Chukua. Enda utoe kama wenzako."

"Mama, haiko haki," mwigizaji wetu akamjibu.

"Haki usinifundishe. Ninauza samaki ya sambaza soko ya Kituku, na kopo yangu ya kupimia sijawahi kuibonyeza chini. Lakini ukianguka, minervali ya shule ya mwaka mwingine atalipa nani?"

"Na nikishinda kwa wizi, nitafurahi namna gani?"

Hapo akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hadi nikataka kuingilia, na nashukuru sikuingilia. Kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu:

"Wakati ya volkano nilikubeba mgongoni mpaka Gisenyi. Ulikuwa na miezi tano. Sikujiuliza kama niko na furaha. Nilitembea tu."

Akanyoosha lile fundo. Mwigizaji wetu akalishika, lakini msichana hakuliachia. Wakabaki hivyo, mikono miwili kwenye fundo moja. Karibu kila aliyekuwa ukumbini alikuwa mtoto wa mgongoni ule mwezi wa Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na wengi, nadhani, walikuwa wamesikia maneno hayo nyumbani, si darasani. Mwalimu wa falsafa alikuwa bado ameshika chaki.

Kisha mvua ikapiga mabati, ile mvua ya Machi isiyobisha hodi. Midomo ilicheza, sauti hatukusikia. Tulisubiri, haikupungua. Kengele ikagongwa, wakatoka wakikimbia, madaftari vichwani. Yule msichana alikikunja kitenge vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Nilimuuliza maneno yale aliyatoa wapi. "Ni ya mama," akasema, akaenda.

Kitenge kilikuwa cha mama yangu. Jioni alipokikunjua alikuta fundo, akalifungua kwa kucha, vijiwe vitatu vikaanguka mezani. Akaniuliza ni vya nini. Nikamsimulia yote, naye akasikiliza huku akivizungusha kwa kidole.

"Na yule mtoto," akauliza, "alizitoa zile franga ao hakuzitoa?"

Nikamwambia mvua ilitukatiza.

Hakuvitupa. Aliviweka dirishani, karibu na taa.