Samadi ya Wasirikwa

Mwaka 2014 nilikuwa nikijitolea Hyrax Hill, makumbusho madogo yaliyo nje kidogo ya mji wa Nakuru, ukishika barabara kuu ya Nairobi. Kujitolea kwenyewe hakukuwa na cheo. Wanafunzi wakishushwa na basi niliwapanga foleni, nikawakataza kuokota mawe, nikawahesabu wakitoka. Jioni kukiwa na mhadhara wa umma, kazi yangu ilikuwa viti na chai.

Mihadhara ilitegemea nani amepatikana. Mtafiti akiwa safarini kwenda Baringo, akaombwa apitie, basi karatasi ilibandikwa langoni, nyingine dukani mtaa wa Free Area, na habari ikatembea kwa midomo. Waliokuja walikuwa mchanganyiko ambao hata harusini huupati: wanachuo na madaftari yao, mwendesha boda aliyemleta mtu akaamua kubaki, akina mama wa kanisa, Mzungu wa kupita, na wazee waliostaafu reli, wale ambao swali lao huwa na utangulizi mrefu kuliko mhadhara.

Siku moja ya mhadhara nilikwenda na shosho, yaani nyanya yangu. Alikuwa ameteremka kutoka eneo la Bahati kwa ajili ya kliniki ya macho, akilala kwetu, na nyumbani hakukuwa na wa kubaki naye. Mama akaniambia, "Nenda naye, atakaa tu." Sijui mama alikuwa akimzungumzia shosho yupi. Huyu wangu, mzaliwa wa shamba la mlowezi wa Kizungu, mama wa watoto wengi na ng'ombe wengi zaidi, hajawahi kukaa tu mahali popote.

Mgeni wetu, mtafiti wa siku hiyo, alichelewa, kama kila mtu anayetoka Nairobi na kukuta malori yamejipanga mlimani. Alipofika, jua lilikuwa bado kali kwenye kitambaa cheupe tulichokitundika ukutani, na picha za projekta hazingeonekana. Ikaamuliwa tuanze na matembezi, mazungumzo yafuate giza likiingia. Shosho akasimama kabla hajaambiwa. Leso kiunoni, bakora mkono mmoja, mkono wa pili ukanishika mimi.

Kilima chenyewe si kirefu. Kimepewa jina la pimbi, wale wanyama wadogo wa mawemawe, ingawa siku hizi ukimwona mmoja una bahati. Njiani kuna mwamba uliochongwa vishimo vya bao, na pale tuliwapoteza wastaafu wa reli. Mmoja alisema mchezo wenyewe ni ajua, bao la Wajaluo, mwingine akasema ni giuthi, bao la Wakikuyu, na wote wawili wakawa wanatafuta vijiwe mfukoni mpaka msimamizi akaja kuwatoa. Ukigeuka hapo unaliona Ziwa Nakuru lote.

Mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale wa huku, yapo upande wa pili. Ukipita bila kuambiwa huwezi kuyatambua, maana ni mabonde madogo ya mviringo tu, upana wa mita 10 hivi, yameota nyasi. Mgeni wetu alisimama ukingoni, akaeleza kwamba zamani wataalamu waliamini watu waliishi humo ndani, kwamba hizi zilikuwa nyumba za chini ya ardhi. Dhana hiyo ilidumu. Kisha John Sutton, mwanaakiolojia aliyechimba hapa tena miaka ya 1980, akaonyesha kuwa shimo lilikuwa zizi. Nyumba ilijengwa kandoni, na mlango wake ulifungukia zizini, hivyo mwizi wa usiku alipaswa kupita katikati ya ng'ombe kabla hajamfikia mwenye nyumba. Ufugaji wa namna hii ulienea nyanda za magharibi ya Bonde la Ufa kwa karne kadhaa, mpaka karne ya 18 hivi, na wazee wa Kikalenjin bado wanasimulia habari za Wasirikwa, wenye mashimo haya.

Wanachuo waliandika. Shosho aliniachia mkono, akateremka shimoni polepole, akaanza kuchokora udongo kwa bakora.

"Ng'ombe walikuwa wanatokea huku chini?" akauliza bila kuinua uso.

"Ndiyo, nyanya. Mlango ulikuwa upande wa mteremko."

"Basi samadi ni ile pale." Akaelekeza bakora nje ya shimo, kwenye mwinuko ambao mimi nilikuwa nimewapitisha watoto wa shule juu yake mwaka mzima nikidhani ni kilima tu cha Mungu.

Mgeni alinyamaza. Baadaye, tulipoziona picha zake, nilielewa kwa nini: mwinuko ule ndio aliokuwa ameuweka akiba kwa ajili ya giza. Alikuwa na mchoro wake mzuri sana, umekatwa kama keki, ukionyesha tabaka za samadi, majivu, mifupa na vigae vya vyungu vilivyotupwa hapo miaka nenda miaka rudi. Sasa umekwisha kutajwa, bila projekta.

"Na shimo je, nyanya?" akamuuliza. "Unadhani walilichimba kwanza?"

"Wachimbe ya nini? Wewe umewahi kufagia zizi?"

Akakiri hajawahi.

"Ukifagia kila asubuhi unazoa na udongo. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme, mavi na tope ni kitu kimoja, unabeba vyote kwa karai. Kesho tena. Nikiwa msichana tulifagia boma la Mzungu kule Solai, na kila mwaka lilikuwa linazidi kushuka, mpaka akaleta kokoto. Hawa hawakuwa na kokoto."

Watu walicheka, lakini mgeni hakucheka. Alitoa daftari lake na kumwomba arudie. Hiyo hasa ndiyo hoja ya kitaalamu, kwamba kina cha shimo, angalau kwa sehemu, kilitokana na kusafishwa na kukanyagwa, na kwamba kilichotolewa ndani kilirundikana mlangoni upande wa chini. Watu walilipwa wachimbe mitaro kuthibitisha jambo hilo. Sisemi walipoteza fedha, maana kuna tofauti kati ya kujua na kuonyesha. Nasema tu kwamba pale kundini palikuwa na mtu mmoja aliyewahi kuubeba ushahidi kichwani kwa karai.

Tulirudi barazani jua likizama. Chai ilikuwa moto, maandazi hayakutosha. Picha za kwanza zilikuwa za Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyechimba hapa mwaka 1937 akiwa hajafikisha miaka 25, muda mfupi tu baada ya kuolewa na mwanaakiolojia mwenzake, Louis Leakey. Alikuta makaburi ya zamani zaidi kuliko Wasirikwa, ya wafugaji wa enzi za zana za mawe, na humo wanawake walizikwa na sahani za mawe. Wanaume hawakuwekewa.

"Wao walikula kwenye nini?" shosho akauliza kutoka kiti cha mbele.

Mgeni akasema swali hilo ndilo linalowalipia wanaakiolojia mshahara. Mama mmoja wa kanisa akajibu kwamba mwanaume hana haja ya sahani, yeye hukuta imepakuliwa. Ilichukua muda barazani kutulia.

Halafu likaja ziwa, na hapo kila mtu alikuwa na neno. Msielewe vibaya, walikuja kusikia habari za mashimo, lakini miaka ile maji ya Ziwa Nakuru yalikuwa yamepanda mpaka yakameza lango la zamani la mbuga, migunga imekufa imesimama majini, na ndege heroe wengi wamehamia Ziwa Bogoria. Mtu wa Nakuru hawezi kumwona msomi halafu asimuulize kuhusu ziwa. Mgeni akarudi nyuma maelfu ya miaka, enzi ambazo mvua zilikuwa nyingi na Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja, refu na lenye kina. Maji yalifika hapa. Kilima tulichokalia kilikuwa rasi, pengine hata kisiwa, na alama za ufuo wake zipo chini ya mteremko. Kijana mmoja wa kazi za utalii akauliza, kwa uso mkavu kabisa, kama ramani ya ufuo huo inapatikana, maana ana ploti.

Nilikuwa nimeanza kukusanya vikombe mmoja wa wale wastaafu aliposimama. Nilijiandaa kwa utangulizi mrefu. Hakutoa utangulizi.

"Hii nyumba tuliyokalia," akasema, "ni ya nani?"

Msimamizi akajibu kwamba ilikuwa nyumba ya mlowezi, shamba hili lilikuwa lake, na imekuwa makumbusho tangu 1965.

"Sawa. Mmewachimba walioishi hapa kabla ya Kristo. Na sisi tuliokuwa maskwota kwenye mashamba haya, mtatuchimba lini?"

Kicheko kilianza, kikakatika chenyewe. Ndipo shosho akaongea, safari hii bila kuulizwa na bila mzaha. Akasema baba yake alitoka Kiambu na ng'ombe wake kwa sababu huku kulikuwa na nyasi, na mlowezi alimkubalia alishe mifugo shambani ilimradi amfanyie kazi. Mambo yakaenda vizuri mpaka kikaja kifagio. Ndivyo watu walivyoita operesheni ile ya mwishoni mwa miaka ya 1920, walowezi walipoamua kuondoa mifugo ya maskwota mashambani. Yeye hakuwa amezaliwa. Lakini baba yake aliwataja ng'ombe waliouzwa siku hiyo mpaka anakufa, kwa majina na rangi, na bei aliyopewa hakuwahi kuitamka mbele ya watoto.

"Kwa hiyo lile boma la Solai nililofagia," akasema, "halikuwa na ng'ombe wetu hata mmoja."

Mgeni wetu alifanya kitu ambacho sijaona wasomi wengi wakikifanya. Alizima projekta, akavuta kiti cha plastiki, akaketi pamoja nasi, akauliza nani mwingine alikuwa na mzazi skwota. Mikono ilinyooshwa. Mmoja alitokea Njoro, mwingine Subukia, mwingine Molo kwenye mashamba ya pareto. Walisimulia kwa zamu, wakikatizana, wakisahihishana majina ya walowezi na ya vituo vya treni. Mwendesha boda alisikiliza mdomo wazi, simu yake ikiita asiipokee. Daftari la mgeni lilijaa mpaka jalada la nyuma. Picha za mwinuko wa samadi, ule mchoro mzuri, alikuja kutuonyesha harakaharaka mwishoni, tayari wengine wamesimama na askari wa lango anatikisa funguo.

Tuliporudi nyumbani mama aliuliza kama shosho hakuchoka. Shosho akasema chai yao ina maziwa kidogo kwa watu wanaozungumza habari za ng'ombe usiku kucha, kisha akauliza mkutano mwingine ni lini, kwa sababu kuna jirani yake Bahati aliyelelewa Molo na ana mengi.

Kliniki ilipokwisha akarudi kwake. Wiki chache baadaye nikakutana na mama wa kikundi chake cha kanisa sokoni, akaniuliza kama kweli mimi hufanya kazi pale. Nikasema ndiyo, najitolea.

"Shosho yako alitueleza," akasema. "Kwamba serikali ilimtoa msomi Nairobi na gari, aje aulize mavi ya ng'ombe hutupwa wapi. Akamwonyesha."