Sahani 12 za Mikocheni: kumbukumbu ya tanuri langu

Machi 2

Nimefungua tanuri leo kabla sijabandika hata chai. Sahani tatu zimetoka salama. Ya kati ndiyo niliyokuwa nikiilenga tangu Desemba: jani la mwarobaini nililolibana kati ya vioo viwili limeungua lote, likaacha jivu jeupe lenye kila mshipa wake, hata yale meno ya pembeni unaweza kuyahesabu. Kando yake nilikuwa nimelaza nyuzi za shaba kutoka kwa fundi anayesuka mota hapa Tegeta, Dar es Salaam, nilizozichoma kwanza ili vanishi itoke. Zimegeuka damu ya mzee, na kila penye hewa iliyonaswa pana rangi ya maji ya bahari wakati wa kupwa.

Nimekaa nayo barazani nusu saa nzima, naigeuza tu juani.

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: sipulizi kioo. Wanaopuliza ni karakana kama Shanga ya Arusha na Kitengela karibu na Nairobi, zenye tanuri la kioo kilichoyeyuka kama uji, na bomba la chuma. Mimi nina tanuri dogo la umeme la kuchomea vyungu, nililonunua kuukuu, na naweka humo kioo kikiwa baridi. Natumia mabaki ya kioo cha dirisha cha milimita 4 kutoka kwa mafundi wa aluminiamu. Nakata, naosha, napanga vipande viwili viwili, kisha napandisha joto hadi nyuzi 820 hivi vishikane viwe kitu kimoja. Kikishapoa nakirudisha mara ya pili juu ya kalibu la udongo, safari hii kwenye nyuzi 710 tu, kilainike na kujilaza kifuate umbo la kalibu. Kila sahani inaingia motoni mara mbili.

Machi 9

Oda! Mama mmoja wa Mikocheni, ambaye mwezi uliopita alinunua kwangu sahani moja yenye matone ya kijani, anataka 12 za kuandalia matunda. Anamwoza binti yake mwishoni mwa Aprili. Nimesema ndiyo kabla sijapiga hesabu yoyote. Bei tuliyokubaliana ni ile ile aliyonunulia ya kwanza, shilingi 15,000 kwa sahani.

Machi 15

Sahani za mraba zimekataa kubaki za mraba. Nilikata pembe kwa uangalifu, zikatoka zimevimba pande zote kama mkate wa kusukuma. Sababu naijua, ila huwa naisahau kila nikiwa na haraka: kioo kikiyeyuka hutafuta unene wake wa milimita 6 hivi. Chembamba kuliko hapo hujikusanya kirudi ndani, kinene kuliko hapo hutambaa nje. Vipande viwili vya milimita 4 ni 8, kwa hiyo lazima vitambae. Nikiwa na vya milimita 3 vingetulia, lakini mafundi wengi hapa huacha mabaki ya 4 na 5. Nimebadilisha mpango: sahani zote zitakuwa za duara, na nitakata kipande cha juu kiwe kidogo kidogo kuliko cha chini ili kikitambaa kiishie ukingoni.

Machi 22

Umeme umekatika saa tano usiku, tanuri likiwa nyuzi 790 na ndani mna sahani tatu.

Hofu yangu si moto kuzimika. Hofu ni jinsi kioo kitakavyoshuka. Kioo cha dirisha kikifika karibu na nyuzi 550 kinahitaji kukaa hapo, tanuri zima liwe na joto moja, ndipo kishuke polepole. Mimi hukiweka hapo saa nzima, halafu nashusha nyuzi 60 kwa saa hadi 370, ndipo nazima. Kikishuka ovyo, ngozi ya nje inaganda huku tumbo la ndani bado linataka kusinyaa, na huo mvutano hubaki humo. Kwa macho huuoni. Sahani inang'aa, unaifunga kwenye gazeti, unampa mtu.

Kwa hiyo sikugusa mlango. Niliziba tundu la kuchungulia kwa kipande cha blanketi la sufu ya udongo linalohimili moto, nikalala mkekani pembeni na tochi ya simu, nikisoma kipimajoto kila robo saa na kuandika. Umeme ulirudi saa nane na dakika kumi, kipimajoto kikisoma 430. Nimepandisha upya, taratibu, hadi 550, nimekaa hapo saa mbili badala ya moja, na nimeanza kushuka alfajiri.

Zimetoka nzima. Sizipi alama bado.

Machi 29

Mama wa Mikocheni amepiga simu saa moja asubuhi.

"Binti, ile sahani yako ya kwanza imepasuka yenyewe. Ilikuwa kabatini, hakuna aliyeigusa. Usiku tulisikia tu *ta!*"

"Shikamoo mama. Pole sana. Imepasukia wapi?"

"Marahaba. Imezunguka lile tone la kijani, mwanangu, kama mtu aliyelikata kwa kisu."

Mikono imeniisha nguvu. Umeme haukukatika siku ile, nina daftari langu. Kosa ni langu na liko kwenye lile tone. Nilikuwa nimevunja chupa ya kijani ya bia nikaziweka chembe zake juu ya kioo cha dirisha. Chupa na dirisha vyote vimezaliwa na mchanga, magadi na chokaa, lakini kila kiwanda kina vipimo vyake, na kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiasi chake kikipata joto au baridi. Vikiwa vya moto vinashikana kama ndugu. Vikipoa, kimoja kinasinyaa zaidi ya mwenzake, na kwa kuwa vimeshaungana hakuna pa kwenda. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua wiki sita.

Nimepanda daladala nikaenda kuichukua mwenyewe na kumrudishia 15,000 yake. Hakutaka kuipokea, nikaiacha mezani. Oda hajaivunja. Amesema tu, "Watoto watakuwepo siku hiyo, binti." Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Aprili 1

Nimejifunza kuuona mvutano, na natamani ningejua mwaka mmoja nyuma.

Unahitaji kompyuta mpakato na miwani ya jua ya polaroidi, ile inayoua mng'aro wa lami. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini. Shika miwani mbele ya jicho, uizungushe taratibu mpaka ule weupe wa skrini ugeuke mweusi. Sasa chomeka kioo chako katikati, kati ya skrini na miwani. Kioo kilichotulia hubaki cheusi kama skrini. Chenye mvutano huwaka: unaona mwanga mweupe umejikusanya mahali kinapojivuta.

Nilianza na vipande vya ile iliyopasuka. Kuzunguka kila tone palikuwa na pete ya mwanga, kama mwezi uliofanya duara kabla ya mvua. Halafu nikaleta sahani zote zenye chupa zilizobaki rafuni, saba. Tano zilikuwa na pete. Zile tatu za usiku wa umeme, nilizokuwa nazihofia, zilikuwa nyeusi tupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Hizo saba nimezivunja zote, hata mbili ambazo sikuona kitu. Mbili kati yake zilikuwa na jani la mwarobaini.

Aprili 5

Rangi bila chupa. Nimerudi kwenye kioo kile kile cha dirisha: nakichoma hadi kiwe cha moto, nakitumbukiza kwenye ndoo ya maji kipasukepasuke, nakitwanga kwenye kinu cha chuma, napitisha sumaku ya spika mbovu ili itoe vumbi la chuma (ukiliacha linaacha madoa meusi), kisha nachanganya na oksidi ya kobalti, dawa ya rangi ya bluu, kidogo mno, ncha ya kisu kwa kikombe. Unga huo naunyunyiza katikati ya vioo viwili kwa chujio la chai. Kwa kuwa ni kioo kile kile na dawa ni chembe tu, nacho kinasinyaa pamoja na wenzake.

Barakoa muda wote, ya kuzuia vumbi hasa, si ya kitambaa. Unga wa kioo haurudi ukishaingia kifuani.

Sahani ya majaribio imetoka bluu ya bahari ya mbali. Kwenye skrini, nyeusi. Nimempelekea mama picha, amejibu kwa sauti: "Hii ndiyo. Kijani nimekisahau."

Aprili 12

Hesabu nilizozikimbia.

Moto wa kwanza unakula uniti 14, wa pili 9. Kwa shilingi 10,000 napata uniti 28, kwa hiyo mizunguko miwili ni kama 8,200, na ndani zinaingia sahani tatu. Umeme peke yake ni 2,700 kwa sahani. Kioo na unga wa kaolini, udongo mweupe wa kupaka rafu za tanuri ili kioo kisizigandie, tuseme 1,300. Mpaka hapo ni 4,000, na ndipo huwa nasimama na kujiona nina faida ya 11,000. Lakini kukata, kuosha, kusaga kingo kwa jiwe la maji ni saa moja na nusu kwa kila sahani. Katika kila sita, moja haifai kuuzwa. Na nauli, na boksi, na usiku wa kulala mkekani.

Bei mpya ni 35,000. Oda ya Mikocheni inabaki 15,000 kwa sababu nilishatoa neno. Wengine wote, kuanzia leo, bei ni hiyo. Mteja mmoja wa Mwenge anayechukua vitu vyangu kuuzia wageni amesema ni kubwa. Nimemwonyesha ile skrini na miwani. Amechukua nne.

Aprili 20

Utaratibu ninaoufuata sasa: sahani ikitoka tanurini naiandikia tarehe mgongoni kwa kalamu ya nta, inapita kwenye skrini, halafu inakaa rafuni siku saba bila kuguswa. Siku ya saba inapita tena kwenye skrini, ndipo inafungwa. Kwa mchanganyiko wowote mpya wa rangi, siku 40.

Unga wa kobalti niliuchanganya Aprili 5, kwa hiyo hautimizi 40 kabla ya harusi. Nimemweleza mama waziwazi. Tumekubaliana za harusini ziwe na shaba na majani tu, mchanganyiko ninaoujua tangu mwaka jana, na ya bluu ataipata baadaye.

Aprili 26

Nimepeleka 11. Alizipanga mezani mwenyewe, akawasha taa ya juu, na vivuli vya mishipa ya majani vikaanguka juu ya kitambaa cheupe. Tulinyamaza sote wawili. Kisha akamwita binti yake aje aone.

Ya 12 ndiyo ile ya bluu. Iko rafuni, imeandikwa 5/4 mgongoni. Ataifuata Mei 15.