Gauni la shangazi, kitambaa cha Urafiki

Jamani leo niacheni niongelee gauni tu. Ni la shangazi yangu, alishonewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kisha akaja kunipa mimi, na kabatini kwangu hakuna nguo naipenda kama hii. Pamba tupu, maua makubwa ya njano na kahawia, kola ndogo, limebana kidogo kiunoni halafu chini linaachia marinda, na lina mifuko ya pembeni inayoingia mkono mzima!

Kitambaa shangazi anasema ni cha Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, uzi walisokota wao, kitambaa wakafuma wao, rangi wakachapa wao, vyote ndani ya uzio mmoja. Limepauka mabegani tu, kwingine kote maua bado yanawaka.

Ila utamu wenyewe uko ndani. Ukiligeuza unaona fundi kaacha kitambaa cha kutosha kwenye mishono ya ubavuni, karibu vidole viwili, na pindo kalikunja refu akalishona kwa mkono, yaani alijua kabisa mwenye nguo atanenepa, atapungua, atazaa, na gauni bado linatakiwa limkae. Na pale chini kuna alama za mikunjo ya zamani, maana pindo limepandishwa likashushwa. Mwanzo lilikuwa chini ya magoti kabisa, shangazi anasema bibi alienda naye kwa fundi kusimamia urefu, kwa sababu watu walikuwa bado wanakumbuka Operesheni Vijana, ile ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyotangazwa 1968 ikaanza rasmi Januari 1969, vimini marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku, na mabinti walikuwa wanasumbuliwa mpaka kwenye vituo vya basi Dar, sasa mzazi gani angekubali gauni fupi? Baadaye mambo yalipotulia likapandishwa. Binamu yangu akalipunguza akalivaa kwenye sendofu ya rafiki yake, mimi nikalifungua tena ubavuni, na nyuzi za kila mtu bado zinaonekana kule ndani, nyeupe, njano, na moja nyeusi tii.

Nalifua kwa mkono, maji ya baridi na sabuni ya kipande, naanika kivulini likiwa limegeuzwa, pasi napiga upande wa ndani. Fundi mmoja alitaka kukata ile ziada ya ubavuni apige ovaloki ati liwe nadhifu, nikamkatalia palepale, maana ile ziada ndiyo imelifikisha gauni hapa.

Kwa hiyo kama kwenu kuna gauni la mama au bibi limekaa kwenye sanduku na unadhani halikutoshi, usikimbilie kuligawa, ligeuze kwanza uangalie mishono ya pembeni na pindo. Mafundi wa enzi zile waliacha nafasi.